Kabla hujamwachia fundi laptopu yako: yaliyonikuta Kariakoo na ninavyofanya sasa

Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Chumba kimoja cha mbele, mashine ya fotokopi, printa mbili na laptopu moja. Hiyo laptopu ndiyo jembe langu. Humo nachapa barua za kuomba kazi, katiba za VICOBA, mikataba ya kupanga nyumba, mitihani ya shule ya msingi ya jirani, na kazi ninayoithamini kuliko zote: mihtasari ya vikao vya ukoo. Mtu akifariki, ukoo ukikaa ukamteua msimamizi wa mirathi, huja kwangu na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Naichapa, wanasaini, wanaipeleka Mahakama ya Mwanzo.

Mwaka jana mwezi wa tatu laptopu ilianza kuzima yenyewe. Unachapa dakika ishirini, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga, chini panachemka huwezi kuweka kiganja, mara kioo cheusi. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda daladala mpaka Kariakoo.

Nimeshuka tu, winga, mmoja wa wale wanaovutia wateja madukani, akanidaka. "Mama, laptopu hiyo? Njoo, fundi wetu yuko hapa hapa." Nikamfuata. Duka zuri, kaunta ya kioo, taa nyeupe, chaja zimening'inia ukuta mzima. Kijana wa kaunta akaiwasha, akaiangalia kama dakika mbili, akasema, "Hii ina virusi mama. Tunaipiga window, elfu thelathini na tano, njoo saa kumi." Kupiga window ni kuiweka Windows upya. Akaniuliza neno la siri. Nikampa. Akaliandika kwa kalamu kwenye kipande cha selotepu, akakibandika juu ya kifuniko. Kipande kile nakiona mpaka leo: mlango wa biashara yangu yote umeandikwa nje, na kila anayepita kaunta anausoma.

Saa kumi nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake, fundi amepanda juu. Juu wapi? Jengo la pili, ghorofa ya tatu. Kumbe duka nililoacha mashine halikuwa na fundi hata mmoja; wanapokea, wanapeleka kwa mtu mwingine ambaye sikumwona sura wala sikujua jina. Siku ya nne ndiyo nikapewa. Nikafungua pale pale kaunta: hakuna kitu. Picha ya Windows tu na pipa la takataka. Nikauliza, "Na mafaili yangu?" Kijana akanijibu bila kuinua macho, "Window ikipigwa vinafutika mama. Hukusema kama una vitu."

Siku mbili baadaye mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo, aliikalia kunisaidia kuweka programu. Akaniita, "Mama mdogo, si ulisema hii ina RAM nane? Mbona inasoma nne?" RAM ndiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta; nusu haikuwepo. Nikarudi Kariakoo jioni ile ile. Jibu lilikuwa fupi: "Ilikuja hivyo hivyo. Una ushahidi?" Sikuwa nao. Karatasi niliyopewa ilisema tu: laptopu 1, HP, huduma, 35,000. Na siku ya tatu ilizima tena kwa moto ule ule.

Wiki hiyo hiyo alikuja mama mmoja mjane kuchukua nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo. Tarehe yake ya mahakamani ilikuwa Alhamisi. Karatasi ya mkono alikuwa ameshaitupa kwa kuwa alijua ninayo kwenye kompyuta. Shemeji yake mkubwa, aliyeongoza kikao, alisharudi Masasi. Alikaa kwenye benchi langu akashika kichwa, hakunilaumu hata neno moja. Siwezi kusahau. Ndiyo sababu naandika haya, hatua kwa hatua, kama ninavyofanya sasa kila mashine yangu au ya jirani inapokwenda kwa fundi.

Fanya hili leo, mashine ikiwa bado inawaka

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndipo nitakapokaa muda mrefu. Mashine ikishakufa huwezi tena kuiuliza ina nini ndani. Ushahidi unakusanywa ikiwa nzima.

Geuza laptopu chini. Kuna stika yenye herufi ndogo, mahali pameandikwa S/N; kwenye Dell wanaita Service Tag. Hiyo ndiyo namba ya mashine yako peke yake. Piga picha kwa simu mpaka herufi zisomeke. Stika ikiwa imefutika, angalia boksi kama bado unalo.

Kisha washa, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda sehemu ya Performance. Bonyeza Memory: juu kulia utaona ukubwa wa RAM, na chini utaona imekaa kwenye nafasi ngapi. Piga picha. Bonyeza Disk: utaona jina la diski na kama ni SSD (ya kisasa, isiyozunguka) au HDD (ya zamani, inayozunguka). Piga picha. Usishtuke SSD ya GB 256 ikisomeka kama 238; hujaibiwa, ni namna Windows inavyohesabu. Mimi niliwahi kumshuku fundi mwema kwa sababu hiyo, nikamwomba radhi.

Ukubwa peke yake hautoshi. Mtu anaweza kukutolea RAM nzuri ya nane akakuwekea nane nyingine iliyochoka. Kwa hiyo chukua na namba za vifaa vyenyewe. Kwenye sehemu ya kutafutia andika powershell, ifungue, kwenye dirisha la bluu au jeusi andika mstari huu kama ulivyo:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory

Bonyeza Enter. Kitatoka kitabu kirefu. Unachotafuta ni mistari ya Manufacturer, PartNumber, SerialNumber na Capacity. Capacity inaandikwa kwa namba ndefu: 8589934592 ndiyo GB 8, na 4294967296 ndiyo GB 4. Kisha andika:

Get-PhysicalDisk

Utapata jina la diski, namba yake na aina yake. Kwa betri, andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeiweka folda gani. Ifungue, utaona namba ya betri, uwezo iliozaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Betri nazo zinabadilishwa, hasa kama yako bado ina nguvu.

Picha zote hizo usiziache kwenye laptopu hiyo hiyo. Jitumie kwa barua pepe au mtumie ndugu yako kwenye WhatsApp. Hapo zinabaki na tarehe.

Jambo jingine dogo ambalo limenisaidia sana ni rangi ya kucha. Chukua ile yenye vimetameta, weka tone moja juu ya skrubu mbili au tatu za chini, iache ikauke, piga picha ya karibu. Vimetameta havikai mara mbili kwa mpangilio mmoja. Kama umepeleka mashine kupigwa window tu, hakuna sababu ya mtu kuifungua, na ikifunguliwa tone litapasuka. Ikiwa kazi yenyewe inahitaji kufunguliwa, mwambie fundi wazi kwamba umeweka alama na umruhusu aivunje mbele yako. Sijawahi kuona fundi mwaminifu akinuna kwa hilo.

Hamisha vilivyo vyako, na vya watu

Nilichopoteza mimi hakikuwa changu. Kulikuwa na nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo, namba za simu, mikataba yenye saini. Kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari, mwalimu, katibu wa kikundi, wakala, sote tumo. Baada ya tukio lile niliwapigia simu wateja kumi na mmoja, mmoja mmoja, nikawaeleza kwamba nakala zao zilikaa siku nne mikononi mwa watu nisiowajua. Zilikuwa simu ngumu.

Basi nakili kila kitu, sehemu mbili. Moja diski ya nje au fleshi, ya pili mtandaoni. Google inampa kila mtu GB 15 bure, na kwa barua na mikataba hizo ni nyingi mno. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala uhakikishe zinafunguka. Fleshi za bei poa zinadanganya: zinaonyesha majina ya mafaili, ukizifungua hazina kitu ndani.

Kumbuka pia kwamba unachokiona kwenye Desktop na kwenye Documents kimekaa diski C, ndiko Windows yenyewe inakokaa, na kupiga window kwa kawaida kunafuta C. Watu wengi hudhani Desktop ni mahali salama kwa sababu pako mbele ya macho.

Kisha ondoka kwenye akaunti zako. Barua pepe, Facebook, benki. WhatsApp ya kwenye kompyuta itoe kupitia simu, kwenye Vifaa vilivyounganishwa. Kama umezoea kuiambia Chrome ikutunzie maneno ya siri, jua kwamba mwenye neno la siri la Windows yako anaweza kuyafungua akayasoma yote. Neno la siri la akaunti yako usimpe mtu. Fungua akaunti nyingine kwenye kompyuta, ipe jina fundi, neno la siri rahisi, umpe hiyo ajaribie kazi. Isiwe na mamlaka ya msimamizi. Akisema kazi yake inahitaji mamlaka hayo, kaa naye, liandike wewe mwenyewe kwa vidole vyako.

Tatizo likiwa ni kioo, kibodi, bawaba au tundu la chaji, diski haina kazi pale. Mwombe aitoe mbele yako, uiweke kwenye bahasha, uondoke nayo. Kwenye mashine nyingi za mtumba hiyo ni skrubu chache tu. Huu ndio ulinzi mkubwa kuliko wote, kwa sababu kufuta faili hakutoshi. Lililofutwa linaweza kurudishwa na mwenye ujuzi.

Na kwa wenye Windows mpya: angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha mafaili kwa asiye na ufunguo. Ikiwa imefungwa, kuna ufunguo wa tarakimu 48, kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye daftari kabla mashine haijaguswa. Fundi akibadilisha mazabodi (ubao mkuu wa ndani) bila wewe kuwa na tarakimu hizo, mafaili yako yamefungwa na hakuna wa kuyafungua.

Dukani: sema dalili, usiseme ugonjwa

Mimi nilikaa kimya nikamwachia kijana aseme virusi. Yangekuwa maneno yangu haya, huenda nisingeumia: "Inachemka chini upande wa kushoto, feni inalia, inazima baada ya dakika ishirini, na ikipoa inawaka." Fundi yeyote aliyefundwa akisikia hivyo anafikiria vumbi na pesti (dawa ya kupitisha joto) iliyokauka juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kabla ya kufikiria Windows. Virusi vinaweza kuifanya mashine ikazane na kupata joto, lakini kuzima ghafla kwa moto namna ile huanzia kwenye feni. Andika dalili kwenye karatasi nyumbani: inaanza lini, baada ya muda gani, kuna sauti gani, umefanya nini kabla yake.

Uliza maswali matatu kabla hujaitoa kwenye begi. Nani ataifungua? Ataifungulia wapi? Naweza kukaa nikaona? Akikwambia fundi yuko juu, mwambie twende wote juu. Akikataa, funga kanga yako uondoke. Kariakoo ina mafundi wengi na wazuri. Mawinga wanatafuta riziki kama sisi, lakini winga hajui mashine yako itaishia meza ya nani, na likiharibika humpati tena katika ule umati.

Uliza pia bei ya kuangalia tatizo peke yake, hata kama hutatengeneza. Nimeona watu wanaambiwa elfu kumi ya kazi, wakija kuchukua wanadaiwa na ya kufungulia. Kubalianeni mwanzoni.

Halafu karatasi. Hii usiiache hata kwa fundi ambaye ni mtoto wa jirani. Yangu naichapa mwenyewe, nakala mbili, na inasomeka hivi:

"Mimi fundi ………, simu ………, nimepokea laptopu HP ProBook 450 G5, S/N ………, RAM GB 8 namba ………, SSD GB 256 namba ………, betri namba ………, bila chaja. Tatizo lililoelezwa: inachemka na kuzima baada ya dakika ishirini. Kazi tuliyokubaliana: kusafisha feni na kubadilisha pesti. Bei sh. ……… Mashine haitapelekwa kwa fundi mwingine, haitapigwa window wala kufutwa faili bila mwenyewe kukubali kwa meseji. Spea iliyotolewa irudishwe kwa mwenyewe. Kuchukua tarehe ……… saa ……… Saini ya fundi ……… Saini ya mwenye mashine ………"

Huna printa? Iandike kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, weka kaboni chini, au andikeni moja mkaipige picha wote wawili. Duka likikataa kabisa kusaini, mtumie fundi meseji ukiwa bado mbele yake: "Fundi, nimekuachia sasa hivi HP yenye S/N hii, RAM 8, SSD 256, kazi ni kusafisha feni tu." Akijibu "sawa mama" umeshapata kitu. Meseji za simu zinapokelewa kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaziruhusu.

Usiache chaja kama haina tatizo. Usiache begi. Fleshi itoe.

Siku ya kuchukua, usitoe hela kwanza

Nenda asubuhi, usiende saa kumi na mbili jioni wanapovuta geti. Jioni kila mtu ana haraka, na wewe unawaza daladala.

Iwashe mwenyewe. Fungua tena Task Manager na zile amri tatu, linganisha namba na picha zako, moja moja, bila kuona aibu. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka fleshi kwenye kila tundu. Jaribu Wi-Fi kwa kuwasha intaneti ya simu yako, jaribu kamera na spika. Chomeka chaji uone kama inaingia, chomoa uone kama betri inashika. Kama tatizo lilikuwa moto, weka video icheze nusu saa nzima ukiwa umekaa hapo hapo. Fundi aliyeondoa tatizo kweli hatakufukuza. Chukua na spea ya zamani, hata kama ni chakavu; ukiwa nayo mkononi unajua kweli imebadilishwa, na haitafungwa kwenye mashine ya mwingine ikauzwa kama nzima.

Ndipo ulipe, na udai risiti ya EFD. Tumeimbiwa na TRA miaka mingi, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, tukadhani ni habari ya kodi tu. Risiti ile ina jina la biashara, TIN, tarehe na saa. Ndiyo kitambulisho cha duka siku watakapokwambia hawakujui. Warantii nayo iandikwe idadi ya siku na inahusu nini. Neno "ikizingua utarudi" halihesabiki.

Likishaharibika

Kama mafaili yamefutwa, zima mashine papo hapo. Usiitumie, usiwekee programu, usihifadhi hata picha moja. Kila unachoandika juu ya diski kinaweza kufunika kile cha zamani. Mimi sikujua; siku mbili zile mtoto wa dada yangu alikuwa anaweka programu juu ya kazi zangu za miaka mitatu. Kwenye diski ya zamani ya HDD kuna matumaini mazuri ya kuyarudisha ukiwahi. Kwenye SSD ni vigumu zaidi, kwa sababu Windows huiambia diski isafishe nafasi zilizofutwa, lakini mpelekee anayejua kurudisha data kabla hujakata tamaa.

Rudi dukani siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi na picha, na usiende peke yako. Ongea na mwenye duka, usibishane na kijana wa kaunta. Sema unataka nini hasa: RAM yangu irudi, au thamani yake, kabla ya Ijumaa. Nilipokwenda nikalia na kupaza sauti niliwapa nafasi ya kuniona mgomvi, watu wakajaa, maneno yangu yakapotea.

Wakikataa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa lilipo duka. Mwenyekiti anaweza kuwaita mkae, na mengi huishia hapo kwa sababu mfanyabiashara hapendi kuitwa mtaani. Ikiwa kifaa kimeibwa, kituo cha polisi, uombe RB, ile namba ya taarifa uliyotoa. Ikiwa ni madai ya fedha tu, kazi mbovu au hasara, polisi watakuelekeza mahakamani: Mahakama ya Mwanzo inapokea madai hayo, inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inambana anayepokea mali ya mwenzake kwa kazi aitunze kama mtu mwangalifu angetunza yake, kwa hiyo usikubali kuambiwa "tulikuwa tunakusaidia". Na ukigundua mtu amefungua picha zako, barua zako, au taarifa za wateja wako zimesambaa, hilo ni zito kuliko RAM: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko, na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mimi sikufika huko kote. Sikuwa na namba, sikuwa na karatasi, nilikuwa na neno langu tu dhidi ya lao. Muhtasari wa yule mama tuliuchapa upya. Shemeji yake alitusomea majina ya wajumbe kwa simu kutoka Masasi, jina moja moja, nami naandika, kisha karatasi ikasafirishwa kwa basi ikasainiwe huko. Alhamisi ilipita. Akapangiwa tarehe nyingine.

Laptopu hatimaye nilimpelekea fundi mmoja hapa hapa Mbagala, ana meza chini ya mwembe na taa ya kichwani. Aliifungua mbele yangu. Kati ya feni na zile bati nyembamba za kupoozea alitoa vumbi kwa kibano, limeshikana, limekuwa kipande kizima kama kiraka cha blanketi, upana wa vidole vitatu. Akakiweka kwenye kiganja changu. Hakukuwa na virusi.

Kabla hajaanza nilimpa ile karatasi yangu. Aliisoma taratibu mpaka chini, akachukua kalamu, akaongeza mstari wake mwenyewe: skrubu mbili za nyuma hazipo, bawaba ya kushoto ina ufa. "Hii uandike mama," akasema, "usije ukasema ni mimi." Akasaini. Kisha akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine zenye nafasi wazi, za wateja wake. Nilimchapia nakala hamsini.